Butura ya Sauti: Nani Atagoma Karagwe?

Anayelima kahawa Karagwe hahitaji kuelezwa butura ni nini. Mibuni ingali na maua, msimu uko mbali, na nyumbani kuna mgonjwa amelazwa. Mtu anaingia shambani na noti mfukoni, anatembea kati ya miti akihesabu kwa macho, anataja bei. Ni bei ya shida. Mkulima anaikubali kwa sababu shida ni ya leo na kahawa ni ya miezi ijayo. Atapalilia, atalinda shamba na wezi, pengine atachuma kwa mikono yake mwenyewe, lakini kitakachoingia kwenye gunia si chake tena. Viongozi wameilaani biashara hii mwaka baada ya mwaka, na bado ipo, maana hospitali haisubiri mnada.

Julai 2023, mbali sana na mji wa Kayanga, mpatanishi mkuu wa chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, aliwaeleza waandishi wa habari pendekezo ambalo mkulima wa Nyaishozi angelielewa bila mkalimani. Duncan Crabtree-Ireland alisema kampuni za filamu zilitaka waigizaji wa ziada, wale wanaopita nyuma ya nyota barabarani au kujaza viti vya mahakama, wapigwe picha za kompyuta za mwili mzima, walipwe ujira wa siku moja, kisha kampuni imiliki sura zao na kuzitumia itakavyo, milele. Muungano wa wazalishaji, AMPTP, ulikanusha kwamba hicho ndicho ulichopendekeza. Lakini maneno yalikwisha kutoka. Mgomo ulioanza tarehe 14 Julai ulidumu siku 118, hadi 9 Novemba. Waandishi wa miswada walikuwa wamewatangulia tangu 2 Mei, nao walikaa nje siku 148.

Siku moja ya malipo, sura ya milele. Ni butura, ila safari hii maua ni uso wa mtu.

Swali la hapa nyumbani ni gumu zaidi kuliko la Los Angeles. Karagwe na Kyerwa kuna watangazaji, washereheshaji wa harusi, wapiga enanga, waimbaji wa kwaya wanaorekodi, madijei wanaotafsiri filamu za kigeni. Wote hao wanaishi kwa sauti. Ikiwa mashine sasa inaweza kuiga sauti, nani kati yao agome, na amgomee nani?

Ili kulijibu, makala haya yanawakalisha watu sita kwenye kibaraza cha duka pale Omurushaka, njia panda ambako magari ya Kayanga, Bukoba na Kyerwa yanakutana. Ni wazungumzaji wa kubuni na hawana majina. Mifano wanayoitaja, sheria wanazozitaja na tarehe zake ni za kweli.

Wa kwanza kusema ni meneja wa redio, kwa sababu mameneja huwa wa kwanza kusema.

"Mnanilinganisha na Hollywood," anaanza. "Wao wana studio, mimi nina jenereta. Umeme ukikatika saa mbili usiku nachagua kati ya dizeli na posho ya mtangazaji. Sasa kuna sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania zimetengenezwa na Microsoft, moja inaitwa Rehema, nyingine Daudi. Wakenya nao wamepewa Zuri na Rafiki. Unaandika tangazo, Rehema analisoma. Hadai nauli ya bodaboda. Tangazo la msiba likiletwa saa tisa usiku, analisoma saa tisa usiku. Nikilikataa hilo nitakuwa namsaidia nani?"

Mtangazaji, dada wa miaka ishirini na kitu ambaye amekuwa "akijitolea" redioni kwa miaka mitano, anaweka kikombe chini.

"Rehema simwogopi, bosi. Akisoma Bweranyange au Rwabwere kila mtu anajua si mtu wa huku. Ninayemwogopa ni mimi mwenyewe nikiwa ndani ya kompyuta yako."

Kimya kinapita. Anaendelea kwa sauti ya chini kidogo. Vipindi vyake vyote vimehifadhiwa: salamu za asubuhi, bei za kahawa, mahojiano na mabwana shamba, jingo za msimu wa senene. Januari 2023 Microsoft hao hao walitangaza mfumo walioupa jina la VALL-E, wakasema unahitaji sekunde tatu tu za sauti ya mtu ili kuiiga. Yeye ana saa elfu kadhaa kwenye diski ya ofisi.

"Ulisaini nini ulipoanza?" anauliza mzee aliyekaa pembeni, mkulima wa kahawa na mjumbe wa bodi ya chama cha msingi.

"Sikusaini kitu, mzee."

"Basi wewe umepitwa na mwenye butura. Yeye angalau miti yake ilihesabiwa."

Meneja anacheka, kisha anajitetea, na utetezi wake hauna budi kusikilizwa. Redio za wilayani zinaishi kwa matangazo ya vifo, mialiko, minada na miradi ya mashirika, na mradi ukiisha mshahara nao unaisha. Kayanga imekuwa na redio ya jamii, FADECO, iliyojengwa juu ya wazo kwamba mkulima apate taarifa za kilimo karibu na shamba lake, na wazo hilo halijawahi kuwa biashara ya faida kubwa mahali popote Afrika Mashariki. Mashine ikipunguza gharama, kipindi cha kilimo kinabaki hewani. Tena, anauliza, nani atatambua? Huko Sydney, Australia, redio ya CADA ilikuwa na mtangazaji aliyeitwa Thy, aliyesikika kwa muda wa saa nne kila siku ya kazi kwa takriban miezi sita, kabla watu hawajagundua mwaka 2025 kwamba hakuna binadamu wa jina hilo. Sauti yake ilichukuliwa kwa mfanyakazi mmoja wa idara ya fedha.

"Na alilipwa nini huyo wa fedha?" anauliza mtangazaji.

Meneja hajui. Hilo ndilo swali ambalo mashabiki wa mashine huwa hawajalifikia.

Mtangazaji ana mfano wake, nao ni wa Poland. Oktoba 2024 kituo cha OFF Radio Kraków kilirudi hewani na watangazaji watatu wa akili mnemba, miezi michache baada ya kuachana na waandishi wake wapatao kumi na wawili. Uongozi ulisema hao hawakuondolewa kwa sababu ya mashine. Sababu, ulisema, ni kwamba kituo kilikuwa karibu hakina wasikilizaji. Kisha wakatangaza "mahojiano" na Wisława Szymborska, mshairi aliyepata Tuzo ya Nobel, aliyefariki 2012. Mwandishi mmoja aliyeachishwa, Mateusz Demski, akaandika barua ya wazi, maelfu wakaitia saini, na jaribio lililopangwa kudumu miezi likafungwa baada ya wiki moja hivi.

"Hapakuwa na mgomo hapo," anasema. "Hao walikwisha kufukuzwa, wangegoma na nini? Waliogoma ni wasikilizaji."

"Wasikilizaji wa Poland," meneja anajibu. "Wa kwako wanahamia redio ya ng'ambo kwa kuzungusha kidole."

Mwanasheria kutoka Bukoba, ambaye alikuwa anasubiri gari na akajikuta mjadalani, anaomba dakika chache. Anachukua zaidi ya hizo, kama ilivyo desturi ya wanasheria, lakini sehemu hii ya maneno yake inastahili muda.

Haki ya kugoma Tanzania ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mgogoro lazima uwe wa maslahi, upelekwe kwenye usuluhishi, upite muda wa siku 30 bila suluhu, wanachama wapige kura kama ni mgomo wa chama, na mwajiri apewe taarifa ya saa 48. Yote hayo yanamhusu mfanyakazi. Hapo ndipo neno "kujitolea" lilipofanya kazi kubwa kuliko kufuli. Mtu anayejitolea si mfanyakazi, kwa hiyo hana mwajiri, kwa hiyo hana wa kumgomea.

"Lakini soma sheria ya pili," anasema, akimgeukia yule dada. "Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka huo huo, kifungu cha 61. Ikiwa mtu anakupangia saa na namna ya kufanya kazi, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, au unamtegemea kiuchumi, sheria inakudhania kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata moja tu kati ya hayo linatosha. Haijali kwenye daftari uliandikwa nani."

"Saa 45 kwa mwezi?" Dada anahesabu kwa vidole. "Mimi nazimaliza katika wiki moja na siku mbili."

Meneja anatazama barabarani.

Itoshe kusema kwamba mtego huu haukutegwa Karagwe peke yake. Waandishi na watangazaji wasio na mikataba wamejaa kwenye vyombo vya habari vya nchi nzima, na chama kipo cha kuwatetea, JOWUTA. Ajabu ni kwamba tunajadili mashine itakayomwondoa mtu kazini wakati mtu mwenyewe, kwenye karatasi, hajawahi kuwa kazini. Waigizaji wa Marekani walidai mkataba wao uongezwe kipengele cha akili mnemba. Huku inabidi mkataba wenyewe upatikane kwanza, ndipo kipengele kipate pa kukaa.

"Akili mnemba, akili mnemba," mzee analalamika. "Mnemba ninayoisikia mimi ni kisiwa cha Zanzibar."

Kicheko hicho kinampa nafasi dijei wa filamu, kijana wa Nkwenda, Kyerwa, aliyekaa juu ya pikipiki yake muda wote huu.

"Mimi nina swali la mwanasheria. Mimi sina bosi. Nachukua filamu ya Kihindi au ya Kikorea, naingiza sauti, naeleza nani ni nani, natia utani wa kwetu, nauza kwenye flashi. Mashine inayotafsiri na kuigiza sauti ikifika kijiweni, nigomee nini? Nigomee flashi?"

Kazi yake ina nasaba ya heshima kuliko inavyodhaniwa. Tanzania ilimjua Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliyefanya utafsiri wa filamu uwe sanaa yenye mashabiki wake. Watu waliingia kwenye mabanda ya video kumsikiliza yeye, filamu ikiwa sababu tu. Kenya ina DJ Afro. Ng'ambo ya Mto Kagera, Waganda wana ma-VJ wao, kina Jingo na Junior, na kazi zao zinasikika mpaka vibanda vya mpakani. Anayetafsiri hivyo haongezi maneno tu. Anamfanya Jackie Chan awe na shemeji Kyerwa.

Meneja hamwachii.

"Wewe ndiye usiseme kabisa. Filamu hizo ni za nani? Ulimlipa nani Mumbai? Leo mashine inachukua sauti yako bila kukuomba na wewe unaita wizi. Wewe ulichochukua unakiita nini?"

Hapa dijei ananyamaza kwa muda unaomtosha kila mtu kuona kwamba amepigwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haimpi pa kujificha: kutafsiri na kurekebisha kazi ya mtu kunahitaji ruhusa yake. Ila sheria hiyo hiyo inamtambua mtendaji, yaani mtu anayeimba, anayeigiza, anayesimulia, na kumpa haki juu ya utendaji wake. Kwa hiyo kijana yule anadaiwa na pia anadai. Kuwa na deni Mumbai hakumpi mtu wa California ruhusa ya kuchukua koo lake. Meneja anataka hesabu hizo mbili zifutane, na ni rahisi kuona kwa nini: zikifutana, hakuna anayelipwa, na kompyuta inabaki na vyote.

"Na mirabaha, malipo ya haki hizo," mzee anauliza, "inafikaje mpaka Nkwenda?"

Kwa shida, na huo ndio ukweli. Wanamuziki wa kizazi chake walizoea mfumo tofauti. Bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika na taasisi za umma, na maarufu kuliko zote, NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi chenyewe. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa wa chama kile kile ambacho kingepaswa kumtetea dhidi ya mwajiri! Alipata mshahara, ambao wengi wa leo hawaupati, lakini nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam zilibaki kwenye maktaba ya redio na kupigwa kwa miongo mingi bila malipo ya kumfuata mpigaji kila zilipopigwa. COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ilikuja baada ya sheria ya 1999, na Januari 2022 iligawa hadharani mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii. Ni hatua. Ukiigawa kwa idadi ya wasanii wa nchi hii utapata nauli.

Mkoa huu una mfano wake pia. Saida Karoli alitoka kijijini Kagera na mwaka 2001 "Maria Salome" ikamfanya ajulikane Dar es Salaam, Kampala na Nairobi, akiimba Kihaya ambacho wengi wa walioucheza hawakukijua. Miaka 15 baadaye Diamond Platnumz na Rayvanny wakauchukua wimbo huo na kuutengeneza upya kwa jina la "Salome". Jambo la kutazama hapo ni kwamba mwaka 2016 ilibidi watu waulizane: wimbo ni wa nani, ruhusa itolewe na nani. Aliyeimba alikuwa na jina, na wimbo ulikuwa na umbo linalotambulika. Mashine inayojifunza kwa kusikiliza nyimbo laki moja haimwachii mtu wimbo wa kuudai. Inatoa sauti ya Kihaya isiyo ya Mhaya yeyote.

"Kihaya sawa," anasema mama mmoja ambaye hakuwa amesema neno mpaka sasa. "Kinyambo je?"

Yeye ni mshereheshaji wa harusi, amesimamia shughuli kuanzia Kaisho hadi Murongo, na ana uhakika wa mtu aliyeona vipaza sauti vingi vikiharibika. Hoja yake ni kwamba mashine haimwezi. Kusherehesha harusi ya Kinyambo ni kujua nani asitajwe karibu na nani, ni kujua wakati wa kumtania baba mkwe na wakati wa kunyamaza, ni kuimba sifa za ng'ombe ambao hawapo ukumbini. Redioni Kinyambo hakisikiki, maana kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Kwenye intaneti hakipo. "Haiwezi kuiba isichokisikia," anamaliza.

Ni hoja nzuri, na inasikitisha kuitoboa. Kwanza kuna mto. Mto Kagera unaitenganisha Kyerwa na Uganda, lakini haujawahi kuzuia chochote. Bei ya kahawa ikipanda ng'ambo, magunia huvuka usiku. Ndiyo magendo ambayo kila mkuu wa wilaya anaapa kuyakomesha. Lugha nayo inavuka. Kinyambo na Kinyankole vinasikilizana kama ndugu wa tumbo moja, na Kinyankole kinatangazwa redioni Mbarara kutwa nzima. Mjini Kampala, taasisi ya Sunbird AI imekusanya hazina ya maandishi na sauti za lugha za Uganda, Kinyankole kikiwemo, kwa ajili ya kuzifundisha mashine. Mashine ikishajua Kinyankole, Kinyambo kwake ni lafudhi.

Halafu kuna jambo la Biblia. Mei 2023 kampuni ya Meta ilitoa mfumo wa sauti unaoshughulikia lugha zaidi ya 1,100, na sehemu kubwa ya mafunzo yake ilitokana na rekodi za watu wakisoma Agano Jipya katika lugha zao. Wasomaji wale, wanakijiji wenye sauti nzuri waliokaa mbele ya kipaza sauti kwa ajili ya Injili, walifundisha kompyuta ya kampuni ya Facebook kuzungumza.

Mama anafikiri kidogo. "Mimi nimesoma masomo kanisani yakarekodiwa," anasema. Hakuna anayeliongezea neno.

Mwanasheria anasema kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisitumike kwa jingine bila ridhaa. Sauti inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Kwa maoni yake, dada wa redio hana haja ya kusubiri mgomo wala muungano. Anaweza kuandika barua leo, aulize rekodi zake zimehifadhiwa kwa lengo gani.

"Na kesho yake nisiitwe zamu," dada anajibu.

Ndiyo maana watu huungana, na dada huyu anaona mfano wa kuungana uko Nairobi zaidi kuliko Marekani. Mwaka 2023 jarida la TIME lilieleza jinsi Wakenya walioajiriwa na kampuni ya Sama walivyokuwa wakisoma maandishi ya ukatili ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka, wakipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Tarehe 1 Mei mwaka huo wafanyakazi zaidi ya 150 wa Nairobi, wachujaji wa maudhui ya mitandao na walioifundisha akili mnemba, walikutana wakapiga kura ya kuunda chama chao. Hao hawakuwa waigizaji. Walikuwa upande wa pili wa mashine, jikoni, na walilia kilio kile kile: malipo, mkataba, afya.

"Na kazi waliibakiza?" anauliza meneja. Anajua jibu. Sama ilikuwa imejiondoa kwenye uchujaji wa maudhui, na zaidi ya wachujaji 180 waliishia mahakamani kudai haki zao. Kesi ya Kenya ilipiga hatua kubwa kisheria kwa kukubali kwamba kampuni ya Marekani inaweza kushtakiwa Nairobi, lakini hatua ya kisheria hailipi kodi ya chumba.

Wakati huu mzee ndiye anayeushika mjadala, na hauachii tena. Anasema wote wanaongea kuhusu mgomo kana kwamba mgomo ni ujasiri. Yeye amekaa kwenye ushirika tangu chama kikuu cha Karagwe, KDCU, kilipojitenga na KCU ya Bukoba mwaka 1990, na anachokijua ni kwamba mkulima hakuuza butura kwa kukosa ujasiri wala kwa kutojua bei. Aliuza kwa sababu chama kilikuwa kikichukua kahawa na kumwambia asubiri. Malipo ya awali yakachelewa, malipo ya pili yakawa hadithi. Mwenye noti akamkuta njiani.

"Mirabaha yenu ndiyo malipo ya pili," anamwambia dijei. "Unauza leo, zao likipanda bei huko mbele unakumbukwa. Ni jambo jema. Lakini anayeweza kuyasubiri ni mwenye chakula."

Waigizaji wa Marekani walikaa nje siku 118 kwa sababu kulikuwa na chakula cha akiba. Mfuko wa msaada wa SAG-AFTRA ulichangiwa zaidi ya dola milioni 15 katika wiki chache za mwanzo, nyota kama Meryl Streep, George Clooney na Dwayne Johnson wakitoa mamilioni ili waigizaji wasio na majina walipe kodi. Ukisoma habari za mgomo ule kwa haraka unakumbuka mabango. Kilichoushika ni mfuko. Na walichopata mwishoni hakikuwa kuizuia mashine. Walipata kwamba nakala ya mtu isitengenezwe bila ridhaa yake, matumizi yake yaelezwe, na mtu alipwe. Waigizaji wa michezo ya video, waliogoma tangu Julai 2024, walisubiri karibu mwaka mzima kupata vipengele vya namna hiyo hiyo.

Mzee angetaka vipengele hivyo viandikwe kwa lugha ya shamba: unauza msimu huu, huuzi mti. Sauti itumike kwa tangazo hili, kwa miezi hii, kwa redio hii; ikihamishwa, mazungumzo yaanze upya. Tangu minada ya kahawa iingie Kagera, anasema, bei ya kilo ya maganda iliwahi kupita shilingi 4,000, wakati 2018 ilikuwa elfu moja na kidogo, na mwaka bei ilipopanda ndipo waliouza maua walipolia kuliko wote.

Meneja anashangaza kibaraza kwa kukubali nusu. Yuko tayari kuandika kipengele cha muda na matumizi, anasema, kama na wao watakubali Rehema asome matangazo ya usiku. Anataja pia jambo ambalo wengine walilikwepa: watu wengi wa vijijini hawasomi vizuri, na simu inayozungumza Kiswahili chao ingewasaidia kuliko kipeperushi. Mozilla iliendesha mradi wa kukusanya sauti za Kiswahili, Common Voice, ambao mwaka 2021 ulipata ufadhili wa dola milioni 3.4, ukilenga kilimo na fedha. Watu walisoma sentensi bure, kwa hiari.

"Bure kwa nani?" anauliza dijei. Sauti hizo zimetolewa kwa leseni isiyo na sharti lolote, na anayezichukua anaweza kuwa chuo kikuu, anaweza kuwa kampuni ya matangazo. Dada wa redio anakiri kwamba yeye alichangia sentensi kadhaa na hajutii. Kutoa, kwake, ni tofauti na kuchukuliwa. Mama mshereheshaji hakubaliani: harusini kila zawadi huandikwa daftarini, nani kaleta nini, ili siku yake ikifika arudishiwe.

Jua limeshuka. Gari la Bukoba limepita na mwanasheria hakulipanda. Anaeleza kwamba ili kusajili chama cha wafanyakazi unahitaji wafanyakazi wasiopungua 20, jambo linalorudisha kila mtu kwenye kifungu cha 61, na kwamba pengine ushirika ungefaa zaidi kwa sababu dijei na mama si waajiriwa wa mtu. Mzee anaomba chochote kile kisianze bila mfuko. Wanabishana kuhusu mchango: elfu tano kwa mwezi ni nyingi kwa mtu wa posho, elfu mbili hazijazi kitu.

Mama anaomba daftari kwa mwenye duka na kuanza kuandika majina ya watu wa sauti anaowajua: washereheshaji wanne wa Kyerwa, mpiga enanga mmoja wa Bugene, walimu wawili wa kwaya, dada mwenyewe. Anafika wanane. Kisha anasimamisha kalamu na kumwuliza mwanasheria ikiwa wanaruhusiwa kuwaandika na wale watatu wa Kikagati, upande wa Uganda, kwa sababu harusi za Murongo ndio wanaoziimba, na mashine ikivuka mto itaanzia kwao.

Mwanasheria anasema hilo itabidi akalisome.